Kasi ya 12, Mkono wa 6: Historia Fupi ya Visahani vya Gofu

Leo tunaziweka kando seva na misimbo, tunazungumzia plastiki inayoruka. Msiondoke lakini! Humu ndani mna hataza, mna namba zisizo na kiwango rasmi, na mna tabia moja ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri mno: kununua mashine kubwa kabla ya kuwa na kazi ya kuipa.

Chanzo cha makala haya ni binamu yangu anayeishi Minnesota, kule Marekani. Ameingia kwenye mchezo unaoitwa gofu ya visahani, na majuzi alinitumia picha ya visahani vitatu alivyonunua. Vyote vimeandikwa 12 au 13 mahali pa kasi. Pamoja na picha akaniuliza: mbona vyote vinapinda kushoto na kuanguka karibu, ilhali muuzaji alimwambia ndivyo vinavyokwenda mbali kuliko vingine? Swali linalohusu namba, mashine na binadamu huwa halinipiti hivi hivi. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma nikaona kwamba jibu limelala ndani ya historia ya mchezo wenyewe.

Kwa wasioujua mchezo huu, sheria zake ni kama za gofu ya kawaida. Badala ya mpira na fimbo unarusha kisahani kwa mkono, na badala ya shimo ardhini kuna kikapu cha chuma chenye minyororo, kimesimamishwa juu ya mlingoti. Anayefika kikapuni kwa mirusho michache ndiye mshindi. Viwanja vingi vimo ndani ya bustani za umma na vingi havina kiingilio. Visahani vyenyewe vimegawanyika katika koo tatu: vya kumalizia, ambavyo ni vya polepole na hutumika karibu na kikapu, vya kati, na vya kasi, ambavyo wenyewe huviita draiva (msichanganye na dereva wa matatu, ingawa haraka yao ni moja).

Swali la leo, basi, ni hili: anayeanza aanze lini kutumia draiva za kasi? Hebu tuanze mwanzo kabisa.

Vifuniko na sahani za keki

Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, kijana aitwaye Ronald Gibson na wanafunzi wenzake walikuwa wakirusha vifuniko vya mikebe kuelekea duara zilizochorwa ardhini. Mchezo wao waliuita Tin Lid Golf, yaani gofu ya vifuniko vya mikebe. Mtoto yeyote wa Kenya aliyewahi kurusha kifuniko cha mkebe wa Kimbo ataelewa mara moja furaha yao, na pia ataelewa tatizo lao: kifuniko hakiendi unakotaka. Kinayumba, kinapinduka, kinaanguka. Ukikirusha kwa nguvu zaidi, kinapinduka mapema zaidi.

Mwaka 1937, Fred Morrison na mchumba wake Lucile walikuwa California wakirushiana kifuniko cha mkebe wa bisi. Baadaye wakagundua kwamba sahani ya kuokea keki inaruka vizuri kuliko kifuniko. Siku moja ufukweni, mtu aliyewaona akajitolea kununua ile sahani kwa senti 25 za dola. Sahani yenyewe dukani iliuzwa senti 5. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa.

Vita Kuu ya Pili ikaja na Morrison akawa rubani wa ndege za kivita aina ya P-47. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshajua jinsi hewa inavyokishika chombo kinachoruka. Mwaka 1948, akishirikiana na Warren Franscioni, akatoa kisahani cha plastiki kilichoitwa Flyin-Saucer. Mwaka 1955 akatengeneza kilicho bora zaidi, Pluto Platter, na mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ikachukua haki zake. Mwaka huo huo Wham-O ikakipa jina ambalo dunia nzima inalijua leo, Frisbee, lililotokana na jina la kampuni ya Frisbie, waokaji wa Bridgeport, Connecticut, ambao sahani zao wanafunzi walikuwa wakizirusha.

Angalieni hapa: kutoka 1926 hadi 1957 ni miaka 31, na katika muda huo wote hakuna aliyekuwa akiuliza kisahani chenye kasi zaidi ni kipi. Walichotafuta ni kisahani kinachoruka bila kupinduka. Kwanza utulivu, kasi baadaye.

Mtu wa minyororo

Mwaka 1964 mtu mmoja aitwaye Ed Headrick alianza kazi Wham-O. Headrick akaichukua Frisbee na kuibuni upya, akiongeza mistari ya mviringo iliyoinuka juu ya mgongo wake ili hewa iupite vizuri na kisahani kitulie angani. Hataza ya kazi hiyo ilitolewa mwezi Desemba 1967. Mistari hiyo ndiyo iliyokitoa kisahani kutoka kundi la vichezeo vya watoto na kukiingiza kwenye kundi la vyombo vya michezo, kwa sababu sasa mtu mzima aliweza kukilenga.

Mwaka 1975 Headrick akasimamia ujenzi wa uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani katika bustani ya Oak Grove, karibu na Pasadena, California. Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo tu zilizosimikwa ardhini, na watu wakabishana kila siku: je, kimegusa au hakikugusa? Headrick akaja na minyororo inayoning'inia juu ya kikapu: kisahani kikigonga minyororo kinapoteza nguvu na kudondokea kikapuni, na ubishi unakwisha. Hataza ya kifaa hicho ilitolewa mwaka 1977. Kati ya hapo, mwaka 1976, akaanzisha chama cha Professional Disc Golf Association, kinachojulikana kama PDGA, na yeye mwenyewe akawa mwanachama namba 001. Alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki na kutengenezwa visahani, kama alivyotaka. Huyo ndiye mtu aliyeupenda mchezo!

Sasa fikirieni mchezaji wa mwaka 1975. Mkononi ana kisahani kipana, chepesi, chenye ukingo wa mviringo. Hana kingine. Kikikutana na upepo kinachukuliwa. Akikirusha kwa mkono mbaya kinayumba mbele ya macho ya watu wote. Kwa hiyo anajifunza kwa lazima: kukiachia kikiwa sawa, kukizungusha vya kutosha, kuongoza mkono kwa kiuno na mguu badala ya bega peke yake. Hakuwa mwerevu kuliko wa leo, ila kifaa chake hakikumwachia njia ya mkato.

Ukingo uliobadilisha kila kitu

Mwaka 1983 Dave Dunipace alibuni kisahani ambacho ukingo wake haukuwa wa mviringo tena. Ulikuwa umechongwa mshazari, ukitazamwa kutoka pembeni unafanana na pembetatu. Kisahani hicho kiliitwa Eagle, na kampuni iliyokitoa, Innova, ilianzishwa mwaka huo huo. Hicho ndicho kisahani cha kwanza kilichobuniwa maalumu kwa ajili ya gofu.

Kwa nini ukingo ule ulileta mapinduzi? Kitu kinachokwenda kasi hewani hulipa ushuru kwa hewa, na ushuru huo hupanda kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi mara mbili, ushuru unapanda mara nne. Ukingo mwembamba unaikata hewa badala ya kuisukuma, kwa hiyo ushuru unapungua. Kisahani nacho kikawa kidogo zaidi kwa kipenyo, na uzito wake mwingi ukahamia ukingoni, mahali ambapo unasaidia kuuhifadhi mzunguko.

Kanuni za PDGA zinaonyesha jambo hili kwa hesabu nzuri sana. Kipenyo cha kisahani hakiruhusiwi kupungua sentimita 21, na uzito hauruhusiwi kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo (na kwa vyovyote usizidi gramu 200). Chukueni kipenyo cha sentimita 21.1, zidisheni kwa 8.3, mtapata gramu 175. Ndiyo maana draiva nyingi nzito huishia gramu 175! Mbuni amesogea mpaka ukutani: mdogo kabisa anaoruhusiwa, mzito kabisa anaoruhusiwa. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hiyo.

Baada ya 1983 mlango ulikuwa wazi, lakini watu waliingia polepole. Mwaka 1987 ikaja Roc, kisahani cha kati ambacho mpaka leo kinatengenezwa na kupendwa. Miaka ya tisini draiva zikaendelea kunolewa hatua kwa hatua. Na katika miaka hiyo hiyo Ken Climo akatwaa ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, kuanzia 1990 hadi 1998. Jumla yake ni mataji 12 ya dunia. Wekeni jambo hili akilini, tutalirudia.

Namba nne zilizoandikwa mgongoni

Visahani vilipokuwa vingi, ikabidi wanunuzi wapewe namna ya kuvilinganisha. Innova ikaweka mfumo wa namba nne: kasi, kuelea, kugeuka na kurudi. Mfumo huo ukasambaa, na siku hizi kampuni nyingi huutumia.

Kwa mfano, Aviar ni 2, 3, 0, 1. Hicho ni cha kumalizia. Roc ni 4, 4, 0, 3. Leopard, draiva ya upole, ni 6, 5, -2, 1. Teebird ni 7, 5, 0, 2. Valkyrie ni 9, 4, -2, 2. Destroyer, iliyotoka mwaka 2007, ni 12, 5, -1, 3.

Namba ya kwanza ndiyo iliyomponza binamu yangu, na nadhani imewaponza maelfu ya watu. Tukisoma "kasi 12" tunaelewa kwamba kisahani hiki kina kasi ya 12, kama gari linavyokuwa na nguvu za farasi. Lakini kisahani hakina injini! Hakina kasi yoyote isipokuwa ile utakayokipa wewe. Namba 12 haisemi kisahani kitakupa nini. Inasema kinakudai nini. Ni sawa na ile orodha iliyokuwa ikichapishwa nyuma ya boksi la programu: kichakataji cha kiwango fulani, kumbukumbu kiasi fulani. Orodha ile haikuifanya tarakilishi yako iwe na kasi. Ilikuonya kwamba bila hivyo programu itakwama.

Na jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: namba hizi si kiwango rasmi. PDGA hupima kipenyo, uzito, kina, upana wa ukingo na kadhalika, kisha huidhinisha. Haipimi mruko. Namba za mruko huandikwa na kampuni yenyewe inayouza. Kwa hiyo 9 ya kampuni moja inaweza kufanana na 10 ya nyingine.

Kwa nini kinapinda kushoto?

Hapa ndipo penye sayansi tamu. Chukueni pia, ile wanayochezea watoto. Ikiwa haizunguki, ukiisukuma kichwa inaanguka upande uliousukuma. Ikiwa inazunguka, haianguki upande huo. Inainama upande mwingine, robo ya mzunguko mbele. Kisahani ni pia inayoruka.

Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, kiganja kikielekea kifuani, kisahani huzunguka kama mishale ya saa kinapotazamwa kutoka juu. Kinapokwenda kasi sana, hewa hukibeba zaidi sehemu ya nyuma, kwa hiyo inajaribu kuinamisha pua yake chini. Kwa sheria ya pia, badala ya pua kuinama, kisahani kizima hulalia kulia. Hiyo ndiyo namba ya tatu, kugeuka. Kasi ikipungua, kisahani huanza kuzama, hewa hukipiga kutoka chini na kukibeba zaidi sehemu ya mbele, pua inataka kuinuka, na kwa sheria ile ile kisahani hulalia kushoto. Hiyo ni namba ya nne, kurudi.

Sasa weka mambo pamoja. Draiva ya kasi 12 imechongwa ili itulie inapoachiliwa kwa kasi kubwa. Mrusho wenye kasi ndogo kuliko hiyo unaikuta tayari iko katika hali ya mwisho wa safari. Kwa mkono wa mwanagenzi, kisahani hiki kinaanza kurudi kushoto tangu dakika kinapotoka kidoleni. Nusu ya kwanza ya mruko, ile nzuri iliyonyooka, haipo kabisa. Ndiyo maana Leopard ya kasi 6 inaweza kumpita Destroyer kwa umbali, ikiwa mkono ni wa kasi 6.

Hesabu kidogo. Kisahani cha gramu 175 kikisafiri kwa mita 20 kwa sekunde (kilomita 72 kwa saa) kina nishati ya juli 35. Kikisafiri kwa mita 27 kwa sekunde (kilomita 97 kwa saa) kina juli 64 hivi. Kasi imepanda kwa asilimia 35, lakini nishati anayopaswa kuitoa mrushaji imepanda kwa zaidi ya asilimia 80. Nishati hiyo haitoki dukani. Inatoka kwenye miguu, kiuno na mpangilio mzuri wa mwili, na hayo hujengwa kwa miezi.

Ukingo nao una dai lake. Cha kumalizia kina ukingo wa takriban sentimita 1. Destroyer una sentimita 2.2. Vidole vinapaswa kuukumbatia upana wote huo na kuuachia ukiwa sawa. Ukitoka umeinua pua kidogo tu, hewa inakamata tumbo la kisahani na safari imekwisha.

Jangwani, mwaka 2002

Sasa turudi kwenye historia, kwa sababu ina ushahidi unaonipendeza kuliko yote.

Mwezi Aprili 2002, katika jangwa la El Mirage, California, Msweden Christian Sandström alirusha kisahani mita 250. Rekodi ya dunia! Ni kweli, warushaji wa rekodi huchagua siku ya upepo mkali wa nyuma na uwanda usio na kizuizi, kwa hiyo msiilinganishe na mrusho wa kawaida uwanjani. Lakini tazameni alichorusha: Valkyrie. Kasi 9.

Destroyer ilikuwa bado haijazaliwa. Rekodi ile ilisimama kwa takriban muongo mzima, na katika muongo huo huo maduka yalijaa visahani vya 11, 12, 13. Mwaka 2014 Simon Lizotte akafika mita 263.2, na mwezi Machi 2016 David Wiggins Jr. akafika mita 338 huko Primm, Nevada, kwa Boss nyepesi, ambayo ni kasi 13. Wiki hiyo hiyo, hapo hapo Primm, Jennifer Allen akaweka rekodi ya wanawake ya mita 173.3. Kwa hiyo visahani vya kasi vina faida ya kweli, sikatai. Ila faida hiyo iliwafikia watu ambao mikono yao ilikuwa imeshamaliza kila kilichokuwemo ndani ya kisahani cha kasi 9.

Na Ken Climo? Mataji tisa mfululizo, 1990 hadi 1998, yote kabla ya Destroyer. Mwanagenzi wa leo anayetoka dukani na Destroyer mbili amebeba kifaa cha kasi ambacho bingwa wa dunia hakuwahi kuwa nacho katika miaka yake bora. Je, kimemsaidia?

Mbio za upana

Baada ya Valkyrie, kampuni ziliingia kwenye mbio. Kasi inaongezwa hasa kwa kuupanua ukingo na kuunoa, na kila mwaka kulitoka ukingo mpana zaidi. Kikomo kikawekwa na kanuni: upana wa ukingo usizidi sentimita 2.6, na ncha yake isiwe kali kupita kiasi. Kikomo hicho si cha urembo. Viwanja vingi vimo ndani ya bustani za umma, ambamo kuna watoto, mbwa na wazee wanaotembea jioni. Kisahani kizito chenye ncha kikimpata mtu kichwani kwa kilomita 90 kwa saa, hapo hakuna tena mchezo. Na mrushaji asiyejua kisahani chake kitakwenda wapi ndiye wa kuogopwa zaidi. Mchezo uliozaliwa kwenye bustani zisizo na malipo unaweza kufukuzwa humo humo.

Mkikumbuka tulipotoka, mtaona jambo la ajabu. Kuanzia 1926 hadi 2007, kila kisahani cha kasi zaidi kilikuta mikono iliyokuwa imeshakomaa kwenye kile cha polepole. Vifuniko vikafundisha watu, ikaja Frisbee. Frisbee ikafundisha watu, ikaja Eagle. Eagle na ndugu zake wakafundisha watu, ikaja Valkyrie, kisha Destroyer. Hakuna kizazi kilichoruka darasa. Anayeanza leo ndiye mchezaji wa kwanza katika historia nzima anayeweza kukutana na kisahani cha mwisho siku yake ya kwanza. Duka linamuuzia miaka 80 ya maendeleo kwa bei ya chakula cha mchana, bila kumuuzia mkono uliokuja nayo.

Na hasara si ya pesa peke yake. Mwanagenzi akiona kila kisahani kinapinda kushoto, hujifunza kudanganya: anakiinamisha kulia kabla ya kurusha, anapindisha bega, anavuta mkono kwa nguvu. Kisahani kinanyooka kidogo, naye anafurahi. Ni kama kuweka kiraka juu ya dalili na kukiacha chanzo cha hitilafu ndani ya msimbo. Mwaka mmoja baadaye kiraka kimekuwa tabia, na kukitoa ni kazi kuliko kuanza upya. Wapo wanaochoka na kuuacha mchezo wakidhani hawana kipaji, kumbe walikuwa na kisahani kisichowafaa.

Basi aanze lini?

Wachezaji wazoefu hutofautiana kidogo, lakini vipimo vyao vinakaribiana, na kwa bahati nzuri unaweza kuvipima kwenye uwanja wa mpira wa miguu wa kawaida, ule wenye urefu wa mita 105. Simama kwenye mstari wa goli, urushe kuelekea goli la pili siku isiyo na upepo.

Kwanza, anza na vya kumalizia na vya kati, kasi 2 hadi 5. Vikianza kuvuka mstari wa katikati (mita 52.5) na kupita kidogo, vikiwa vimenyooka, chukua draiva ya upole ya kasi 6 au 7, kama Leopard.

Pili, draiva hiyo ikifika mara kwa mara kwenye kisanduku cha penalti cha upande wa pili (mita 88.5 kutoka ulipo), mkono wako uko tayari kwa kasi 9.

Tatu, ya kasi 9 ikifika mstari wa goli la pili, mita 105, hapo ndipo 11 na 12 zinapoanza kukulipa.

Zingatia maneno "mara kwa mara". Mrusho mmoja wa bahati hauhesabiwi. Rusha kumi, utazame saba vilivyo bora vimeangukia wapi. Na kuna kipimo kingine kisichohitaji mita. Chukua kisahani chenye namba ya kugeuka ya -2, ukirushe kikiwa sawa kabisa, bila kukiinamisha. Kikigeuka kulia chenyewe angani kisha kikarudi kushoto mwishoni, basi umekipa kasi kinayoidai. Kisipogeuka, bado anakudai huyo!

Wapo watakaosema: mbona kuna draiva za kasi zilizolegezwa kwa ajili ya wanaoanza, kama Mamba ambayo ni 11, 6, -5, 1? Ni kweli, hizo hunyooka hata kwa mkono wa polepole, na visahani vyepesi vya gramu 150 hivi navyo husaidia. Kwa anayecheza kujifurahisha Jumapili, sina ugomvi nazo. Lakini zinanyooka kwa sababu kupinda kulia na kupinda kushoto kumefutana, na mrushaji haambiwi kosa lake liko wapi. Cha kasi 4 humwambia hapo hapo. Vile vile, mzoefu anaweza kubeba draiva ngumu kwa kazi maalumu, kwa mfano kupenya upepo wa mbisho, ule unaomjia usoni. Huyo anajua anachokifanya.

Na ikiwa mkono wako hautafika mita 105 maisha yako yote? Hakuna aibu. Wengi hawafiki, na mashimo mengi ya bustanini hayadai umbali huo. Mwenye kasi 7 inayotii atamfunga mwenye kasi 12 inayopotelea vichakani, kwa sababu kinachohesabiwa ni mirusho, na kikapu hakimuulizi mtu kisahani chake kiliandikwa namba gani.

Waswahili husema kutangulia si kufika. Kama unaanza, nunua kisahani kimoja cha kumalizia na kimoja cha kati, basi. Tafuta uwanja wa mpira asubuhi kabla wenye mpira hawajafika, upime, uandike umbali kwenye daftari, urudi wiki ijayo. Siku daftari lako litakaposema mita 88 mara saba kati ya kumi, nenda dukani kachukue ile ya 9. Itakuwa inakungoja.

Haya, nawatakia mirusho mema. Tukijaliwa, juma lijalo tunarudi kwenye hifadhidata.